Naam Si Ndiyo: Maoni kuhusu Karani wa Mahakama

Kila mwaka, wanafunzi wapya wa uzamili wanapokaribishwa katika idara zetu za Kiswahili, Kisiwa cha Pate hutajwa kana kwamba ni makumbusho. Huambiwa kwamba Mwengo wa Athumani aliandika Utendi wa Tambuka huko mnamo 1728, kwamba Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate, alimtungia bintiye utendi mnamo 1858, na kwamba Siyu ulikuwa mji wa wanakili wa misahafu. Yote hayo ni kweli. Mimi nimezaliwa Chundwa, katika kisiwa hicho hicho, na kila nisikiapo sifa hizo hujiuliza mbona hatumtaji mtu mmoja ambaye hadi leo anaishi kwa kalamu na kwa kuyapima maneno ya watu wa visiwa vile. Mtu huyo ni karani wa mahakama.

Nasema karani, ijapokuwa siku hizi Idara ya Mahakama ya Kenya humwita msaidizi wa mahakama. Kwetu jina la zamani ndilo lililobaki vinywani. Huyu ndiye aitaye kesi, asomaye shtaka, aapishaye mashahidi na kuyatunza majalada. Na juu ya yote, ndiye asimamaye kati ya hakimu na mtu asiyejua Kiingereza, akihamisha maneno kutoka upande huu hadi upande ule. Kazi hii ya mwisho ndiyo inayonifanya nimlete katika kurasa za jarida letu. Dai langu ni kwamba karani ni mfasiri wa lugha, na kwamba umahiri wake hautoki ofisini bali katika maisha yake ya nje ya kazi. Nasi tulio wasomi wa Kiswahili tumelipuuza jambo hili, na kupuuza kwetu kunaweza kumgharimu mtu uhuru wake.

Kabla sijaendelea, yafaa tukumbushane sheria inasemaje. Kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaagiza kwamba ushahidi utolewao katika lugha asiyoifahamu mshtakiwa ufasiriwe kwake. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya 2010, kwa Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na kwa Ibara ya 50 imempa mshtakiwa haki ya kuwa na mkalimani bila ya malipo ikiwa haifahamu lugha ya kesi. Nayo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, ilieleza hatua kwa hatua namna mshtakiwa anavyopaswa kuulizwa kama anakiri au anakana: asomewe shtaka pamoja na viungo vyake vyote katika lugha anayoifahamu, jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe, akikiri, aelezwe mambo yalivyotendeka na apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza la kwake. Akiongeza neno linaloonyesha kwamba huenda hana hatia, kukiri kule kunafutwa na kunaandikwa kwamba amekana.

Kwa maneno yake mwenyewe. Ndugu msomaji, tulize moyo juu ya kauli hiyo. Ni nani anayeyapokea maneno hayo kwanza, kabla ya kalamu ya hakimu?

Mjomba wangu alikuwa karani kwa miaka mingi katika mahakama moja ya pwani ambayo sitaitaja. Sasa amestaafu. Alinisimulia kwamba siku moja aliingia chumba cha mahakama kutoka masjala, amebeba jalada lililokuwa limeitishwa, akamkuta kizimbani mzee mmoja mvuvi kutoka visiwa vyetu. Mzee alishtakiwa kwa kuiba nanga. Karani wa zamu siku hiyo alikuwa kijana mgeni wa pwani, mwenye Kiswahili safi cha shule, na alilisoma shtaka vizuri kwa sauti, akituama kila baada ya maneno machache. Katika kila kituo, mzee aliinamisha kichwa na kusema, "Naam." Shtaka lilipokwisha, akasema mara nyingine, "Naam." Kijana akageuka akamwambia hakimu kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa amekubali.

Mjomba alisimama pale mlangoni na jalada mkononi. Ikumbukwe kwamba karani hasemi mahakamani mpaka aambiwe, na kwamba kijana yule alikuwa mwenzake wa kazi. Kumsahihisha hadharani si jambo dogo. Hata hivyo aliinua mkono, akaomba ruhusa. Hakuomba kueleza lolote. Aliomba mzee aulizwe tena. Hakimu, ambaye alikuwa mwungwana, aliridhia, na kijana akauliza upya: "Mzee wangu, haya uliyosomewa, unayakubali au unayakataa?" Mzee akashangaa. "Nayakataa, bwana. Nanga ni yangu. Nilimwazima mwenzangu, akakawia nayo, nikenda kuitwaa." Likaandikwa kwamba amekana. Anayejua maana ya wizi katika Kanuni ya Adhabu, kwamba ni kutwaa kwa hila na bila ya dai la haki, ataona mara moja kwamba kesi nzima ilikuwa ndani ya sentensi hiyo ya mzee, na kwamba ilikaribia kutosemwa kabisa.

Kosa la kijana lilikuwa nini? Ukitazama kamusi, huwezi kumlaumu: "naam" imewekwa humo kuwa ni neno la kukubali. Lakini mtu aliyelelewa pwani anajua kwamba "naam" kwanza ni itiko. Mtoto akiitwa na babake huitika "naam"; wengine huitika "labeka". Kwa itiko hilo hajakubali chochote, ila amesema kwamba yupo na anasikia. Mtu mzima anapozungumza, adabu inamtaka msikilizaji amwitikie ili asidhani anasema na ukuta. Mzee yule alikuwa akimheshimu karani, na heshima yake ikaandikwa kuwa ni hatia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wahadhiri wetu, kwa taadhima zote ninazowawia, wanaosema kwamba mambo ya mahakama ni ya wanaisimu na wanasheria, na kwamba mwanafunzi wa fasihi hana la kutafuta huko. Nani aliyetufundisha kwamba itiko si ithibati kama si fasihi simulizi? Mtambaji husema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!" Mtegaji husema "Kitendawili!" akajibiwa "Tega!" Hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayedhani kwamba aliyejibu "Pakawa" ameapa kwamba sungura alizungumza na simba. Tunajua kuwa jibu lile ni la utanzu, kwamba ni mlango wa mazungumzo tu. Maarifa haya tumeyafungia katika mitihani ya fasihi simulizi, hali yeye aliyeyahitaji siku ile alikuwa kijana mmoja mwenye jalada, mbele ya mzee aliyekuwa karibu kwenda jela.

Yuko atakayeuliza, na ameuliza vyema: je, karani akianza kueleza maana ya maneno ya washtakiwa, si atakuwa wakili wao? Mkalimani hana budi kuwa kati. Leo atamwokoa mzee wa nanga, kesho atamwokoa binamu yake. Hoja hii ni nzito, na nilimpelekea mjomba mwenyewe. Alinijibu kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumwambia hakimu, "Huyu ana maana hii." Alichofanya ni kuomba swali lirudiwe kwa maneno yasiyo na milango miwili, kisha akalichukua jibu kama lilivyo, liwe la kumwokoa mtu au la kumwangamiza. Alikiri kwamba mara nyingine swali la pili lilimfunga mtu ambaye jibu lake la kwanza lingemwacha huru. Hilo nalo aliliandika. Nadhani mpaka wa kazi ya karani upo hapo, wala sijaona kitabu chochote cha nadharia ya tafsiri kilichoueleza kwa uwazi zaidi.

Milango miwili katika Kiswahili ni mingi kuliko tunavyodhani. Chukua kitenzi "kuacha". Mtu akisema mbele ya kadhi kwamba fulani "alimwacha mkewe Faza", amesema nini? Huenda alimtaliki akiwa Faza. Huenda alisafiri peke yake, naye mke akabaki nyumbani, akimngoja kwa mapenzi yote. Katika kesi ya matumizi ya mke au ya eda, tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe. Au chukua neno "ndugu", ambalo kwetu humkumba mtoto wa mama mmoja na baba mmoja, mtoto wa baba mkubwa, na hata mtu wa mtaa. Katika mirathi ya Kiislamu, ndugu wa mama mmoja tu, pale ambapo marehemu hakuacha mtoto wala baba wala babu, hupata sudusi akiwa peke yake, na wakiwa wawili au zaidi hushirikiana katika thuluthi. Ndugu wa baba mmoja ana hesabu nyingine, na ndugu wa baba na mama humzuia huyo wa baba peke yake. Mahakama ya kadhi, ambayo Ibara ya 170 ya Katiba imeipa mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kati ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo, haiwezi kugawa hata sahani kwa neno "ndugu" lililoachwa hivi hivi. Kadhi mwenyewe anajua hayo, bila shaka. Lakini dai kwanza hupita mezani kwa karani.

Tena kuna lahaja. Mji wetu katika maandishi ya zamani huandikwa Tundwa; sisi twasema Chundwa, na katika tofauti hiyo ya sauti moja mna alama mojawapo ya Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, ambapo t ya wengine huwa ch. Vuka bahari ufike Amu, mambo yamegeuka: ch ya Kiswahili sanifu imekuwa t, watu huona kwa mato na kutukua mizigo. Mvuvi wa Chundwa anayeshtakiwa ng'ambo hupita basi katika lahaja mbili kabla hajakifikia Kiswahili sanifu, na baada ya hapo bado kuna Kiingereza cha jalada. Tumezoea kuhesabu kwamba mtu wa pwani hahitaji mkalimani kwa kuwa "anajua Kiswahili". Ibara ya 7 hiyo hiyo ya Katiba inaitaka dola ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya, lakini katika fomu, "Kiswahili" ni kisanduku kimoja.

Sasa nirudi kwa mjomba na kwa maisha yake ya nje ya kazi, kwa kuwa watu wengi wanapomsifu mtumishi wa umma humsifu kwa saa alizokaa ofisini. Hakuwa mtu wa kukesha ofisini. Alifunga masjala kwa saa yake, na kila alipopata siku za kutosha alipanda mashua ya kuja Pate, akifuata maji kama sisi sote, kwa kuwa safari za visiwani kwetu hupangwa na kujaa na kupwa zaidi kuliko kalenda ya serikali. Akishafika Chundwa hakuwa karani tena. Alikaa barazani baada ya swala ya alasiri, akacheza bao, akasikiliza. Wazee walikuwa wakishindana kwa vitendawili na mashairi ya kujibizana, naye alikuwa hodari wa kunyamaza mpaka neno lake lihitajike. Sisi watoto tulidhani anapumzika. Siku hizi naona kwamba alikuwa shuleni. Kule ndiko alikojifunza ni nani husema "naam" na kwa nini, na ni kwa sauti gani mtu wa Mbwajumwali husema "si neno" hali moyo wake unaungua.

Sitaki kumfanya malaika. Maisha yale yalikuwa na bei yake, na sehemu ya bei ililipwa na jamaa zake. Katika mji mdogo ambapo kila mdai ni jamaa ya mdaiwa, karani anajua mengi ambayo hapaswi kuyasema. Watu walimzunguka kwa maswali: kesi ya shamba imefika wapi, hakimu ni mtu wa namna gani, jalada la fulani limeonekana? Alijibu kwa kitendawili au kwa kuuliza bei ya samaki. Mara moja, nakumbuka, uliletwa nyumbani mkoba wa kamba wakubwa kutoka Kizingitini, na nyanya akafurahi. Mjomba alipojua umetoka kwa nani, aliurudisha usiku ule ule kwa miguu yake. Nyanya hakusema naye kwa siku mbili. Wengine walimwita mtu wa serikali, na wakati huo neno hilo kwetu halikuwa sifa. Barua za watu aliziandika, nyingi sana, za kwenda kwa watoto walioko Mombasa na za kuombea wanafunzi karo. Lakini barua yoyote aliyoona huenda siku moja ikafika mezani kwake alikataa kuiandika, akamwelekeza mtu kwa maalimu wa madrasa. Mama yangu bado anaona kwamba alizidisha. Mimi sina hakika.

Mjomba si wa kwanza katika mila hii ya mtu mwenye kalamu mbili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya kwa malipo, na huku alikuwa mchonga mbao na mtu wa ngoma. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968, na tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka 1969, yaani akiwa katika kiti kile. Naye Shaaban Robert, ambaye hakuna mtihani wetu unaompita, alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Tunapomsoma Shaaban Robert huutaja ukarani wake katika sentensi moja ya wasifu, kana kwamba ulikuwa kikwazo alichokiruka ili afike kwenye sanaa. Huwa nastaajabu. Mtu aliyeandika hati za forodha kwa miaka 18, akizihakiki hesabu na majina ya watu wa kila kabila, hakujifunza chochote humo kuhusu usahihi wa neno? Uhakiki wetu umependa kuvitenganisha vitu ambavyo katika maisha ya watu hawa havikutengana.

Nije kwenye lawama yetu sisi. Tanzania, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na wenzetu wa huko wana haki ya kujivunia. Kenya hatujafika hapo, na siku tutakapofika, "naam" ya mzee itakuwa pale pale, maana tatizo lake lilizaliwa ndani ya Kiswahili chenyewe kabla Kiingereza hakijaingia. Kuwasilisha kesi kwa njia ya kielektroniki kumeenezwa nchini tangu 2024, na kumepunguza foleni za masjala. Lakini kompyuta itapokea "alimwacha" bila ya kuuliza alimwachaje. Idara zetu zinatoa kila mwaka tasnifu juu ya taswira katika tenzi za Pate. Ningependa kuona walau moja iliyoandikwa na mwanafunzi aliyekaa benchi la nyuma la mahakama ya Lamu kwa muhula mzima, akiwa na daftari. Ningependa pia wahadhiri wetu wa fasihi simulizi waombe nafasi ya kuwafundisha wasaidizi wa mahakama, hata kwa siku tatu, juu ya itiko, tafsida na ukinzani wa maana. Na wao wasaidizi waje hapa watufundishe tafsiri, somo ambalo tunalifundisha kwa matini za magazeti zisizomfunga mtu wala kumwachilia.

Mjomba alipostaafu alinipa daftari lake la jalada gumu. Halina jina la mtu wala namba ya kesi. Katika jambo hilo alikuwa mkali hadi mwisho. Lina maneno tu, moja kwa kila ukurasa, na chini ya kila neno maana alizowahi kukutana nazo na swali alilopendekeza liulizwe ili maana zitengane. Chini ya "kuacha" ameandika maswali mawili na kuacha nafasi ya la tatu. Chini ya "kuazima" amechora mshale kuelekea pande mbili, kwa kuwa wetu huazima na huazimwa kwa neno moja. Kurasa nyingi za mwisho ni tupu. Nimeanza kulinakili ili nakala iwekwe katika maktaba ya chama, na namwomba kila mwanachama anayetoka visiwani, au mwenye jamaa aliyefanya kazi ya ukarani popote pwani, aniletee maneno aliyonayo kabla ya mwisho wa muhula. Kwa wale wa Siyu na Pate, nina haja ya pekee na neno "kupa", ambalo mjomba ameliwekea alama ya kuuliza bila ya maelezo yoyote.